Mpishi Hakulia

Mimi ni mwoga, na sijawahi kulificha hilo. Kwetu Morogoro kaka zangu walikuwa wakinituma dukani magharibi kwa makusudi, kisha wakae barazani wanicheke nikirudi mbio, nusu ya sukari imemwagika. Nilipoolewa na mwanamume wa Afrika Kusini aliyekuwa uhamishoni kwetu, nikamfuata Johannesburg nchi yao ilipofunguka, uoga wangu niliufunga pamoja na vyungu. Mume wangu akafa. Watoto wakakua, wakawa wananijibu kwa Kizulu na Kiingereza. Uoga peke yake ndio uliobaki kuzungumza nami Kiswahili nyumbani.

Sasa mtu ataniuliza, mwoga wa namna hiyo alinunuaje kitabu cha mauaji? Nilikinunua Mayfair, mwanzoni mwa mwaka 2019, nilipokwenda kwa Wasomali kutafuta hiliki. Nje ya duka mtu alikuwa ametandaza vitabu vikuukuu juu ya gunia, na kimoja kilikuwa na picha ya kisiwa: jabali jeusi, maji pande zote, nyumba moja na dirisha moja lenye taa. Nilikitazama nikahisi baridi mgongoni. Nikapita, nikarudi. Waoga ndivyo tulivyo, kinachotutisha hatuwezi kukiacha kilipo. Sikukifungua mwishoni kuona kama kimetimia. Sina desturi ya kusoma mwisho wa kitabu kabla ya wakati wake, naogopa.

Wakati huo nilikuwa nikifanya kazi Troyeville, katika karakana ya kushona iliyokuwa zamani gereji ya nyumba ya watu. Mlango wake ulikuwa mmoja tu, wa chuma, unaotazama barabarani. Nyuma kulikuwa na choo chenye dirisha dogo la nondo, na nje ya dirisha hilo kichochoro cha takataka. Tulikuwa wanawake watatu. Mwenye karakana alikuwa mama wa Bukavu, mkubwa wa umbo na wa sauti, ambaye sote tulimwita Mama Patron. Wa pili alikuwa dada kutoka Bujumbura, fundi hodari, mkimya, aliyeweza kukaa kutwa nzima asiseme maneno kumi. Wa tatu mimi, mtu wa vifungo, pindo na pasi.

Na nje ya mlango, juu ya kreti la soda, alikaa Mama wa Magwinya. Huyu alikuwa mwenyeji, Mzulu, mjane kama mimi, aliyepanga chumba Bertrams. Magwinya ni maandazi ya huku, makubwa kama ngumi, hayajui hiliki. Aliyakaanga alfajiri, akayaleta kwa beseni kuwauzia wapita njia, na saa nne alituingizia sisi chai ya maziwa. Tulikuwa naye mwaka wa tano. Tulizungumza naye kwa Kiingereza cha kuungaunga na Kizulu changu cha ukweni. Kiswahili tulikiweka kwa mambo yetu wenyewe, yakiwamo ya kumsema yeye.

Kusoma kulianza na mgao wa umeme. Umeme ukikatika cherehani zinanyamaza, na Mama Patron hakuweza kuvumilia kuona mikono imelala. Basi tulisogea mlangoni kwenye mwanga, tukashona vifungo kwa mkono, na siku moja akaniona nina kitabu mkobani. "Mwalimu," akaniita, ingawa sijawahi kufundisha hata kuku, "soma, na sisi tusikie." Nikawa nasoma kwa Kiingereza kimoyomoyo na kusema kwa Kiswahili.

Hadithi yenyewe ilikuwa hivi. Mzee tajiri anaalika ukoo wake kwenye kisiwa chake, mbali na kila mtu, awagawie urithi. Boti huja mara moja kila wiki mbili. Siku ya pili mzee anakutwa amekufa kitini, kikombe mkononi. Bahari imechafuka, boti haiji, simu hakuna, na muuaji ni mmoja wao. Kisha anakufa wa pili. Kisha wa tatu.

Mama Patron hakutaka majina ya Kizungu. Alisema mtu asiyejulikana ni nani kwa nani hawezi kumfuatilia. Kwa hiyo tajiri akawa Babu, dada yake akawa Shangazi, daktari akawa Mjomba, wana wawili wakawa Kaka Mkubwa na Kaka Mdogo, na mchumba wa mdogo akawa Wifi. Mpishi hakuwa wa ukoo. Alikuwa mwanamke wa kuajiriwa kutoka ng'ambo ya maji, basi akabaki Mpishi tu.

Tatizo likatokea Babu alipokufa. Katika kitabu walimfunika shuka, wakamfungia chumbani, wakaenda mezani kula nyama na kunywa divai.

"Ngoja," Mama Patron akasema, sindano ikasimama hewani. "Banakula? Na maiti iko mu nyumba?"

"Ndivyo ilivyoandikwa."

"Nani alimuosha?"

"Hawajasema."

"Nani alilia?"

Nikatazama ukurasa. Hakuna aliyelia. Shangazi alikuwa ameomba chumvi.

"Soma muzuri, Mwalimu. Hakuna familia ya namna ile."

Hata yule dada wa Bujumbura aliinua kichwa akanitazama kama mtu aliyemnyima maiti haki yake. Nikaona aibu. Nikafanya kosa ambalo nadhani Mzungu aliyeandika kitabu kile asingeliota hata usingizini: nikaongeza matanga. Nilisema Shangazi alijitupa chini, Kaka Mkubwa akashika kichwa, Wifi akavua viatu, wakakaa chini siku tatu. Mama Patron akaguna kwa kuridhika, akalia kidogo na yeye. Tangu hapo kila aliyekufa nilimpa matanga yake, na wenzangu wakalia naye, na kitabu kikanoga.

Lakini matanga yana kazi zake. Watu wakikaa chini kulia, lazima awepo wa kuinjika sufuria. Na pale kisiwani hakukuwa na jirani. Nikamweka Mpishi jikoni, katika kila msiba, achemshe maji, apike, agawe. Haikunipitia akilini hata mara moja nilikuwa nafanya nini.

Aliyeligundua alikuwa Mama Patron, kwenye maiti ya pili. "Bote banalia," alisema polepole. "Mupishi peke yake halii. Kwa nini?"

Ningeweza kusema halii kwa sababu anapika. Nilinyamaza, kwa sababu swali lilikuwa tamu, na msomaji akipata swali tamu hataki kuliua. Zaidi ya hapo, nilijua Mama Patron anamkumbuka nani. Miaka miwili nyuma kaka yake alifariki Bukavu, akashindwa kwenda kuzika, tukamwekea matanga pale pale karakana. Mama wa Magwinya alikuja siku zote tatu. Alisonga ugali, akakaanga kabichi, akaosha vyombo, akaondoka. Hakukaa chini na sisi hata dakika moja, wala hatukumwona chozi. Baadaye Mama Patron alisema, mwenyewe Mama wa Magwinya yupo pale anatumiminia chai, kwamba ile mama ana roho ngumu. Nami nilicheka. Tulikuwa tunasema Kiswahili, nani angetusikia.

Mgao ukapungua katikati ya mwaka, kitabu kikalala mkobani bado kurasa kama arobaini. Sikukigusa nyumbani. Kusoma mauaji peke yangu chumbani, Bezuidenhout Valley, na mlango wa pamoja unafunguliwa na kufungwa na watu nisiowajua, hapana.

Ulipofika mwezi wa tisa, kisiwa kikatujia chenyewe. Jumapili simu zilijaa ujumbe wa sauti uliopita mikono mia: wanaofukuza wageni wameanzia huku, wanakuja kule, wageni wafunge. Maduka yalichomwa si mbali na sisi, moshi tuliuona. Wasomali walifunga spaza, viduka vyao vya mtaani, wakapakia mali kwenye magari. Jumatatu asubuhi nilitembea kwenda kazini nikirudia kimya kimya neno la Kizulu la kiwiko, indololwane, kwa sababu kila mtu alijua kwamba wakikusimamisha watakugusa hapo na kukuuliza panaitwaje. Neno nililijua, mume wangu alinifundisha zamani kwa mzaha. Ila ulimi wangu ulikuwa mkavu, nikawa najaribu na kujaribu, na kila mtu aliyesimama kwenye robot, taa za barabarani, alionekana ananisubiri mimi. Kitambulisho cha nchi hii ninacho. Lakini kitambulisho hakivaliwi usoni.

Mtu atasema mngekaa nyumbani. Nyumbani wapi? Sote watatu tulipanga kwenye majumba yaliyojaa wageni, na majumba hayo ndiyo yaliyokuwa yakitajwa. Tena Mama Patron alikuwa ameahidi gauni za kwaya kwa mazishi ya Jumamosi. Tulikutana mlangoni saa moja, tumesimama kama kuku wa kunyeshewa, na aliyetuamulia ni Mama wa Magwinya.

"Mkiacha mlango wazi watawaona," alisema kwa Kizulu, taratibu ili nimwelewe. "Mkifunga kwa ndani watajua mmo. Ingieni. Mimi nitatia kufuli kwa nje, nitakaa hapa na beseni langu kama kila siku. Wakiuliza, mliondoka jana. Saa nane mpwa wangu anakuja na teksi, nawafungulia, anawapeleka kanisani kwa mama huyu. Sharp, sawa?"

Nilitafsiri. Mama Patron alimtazama muda mrefu, akamkabidhi kufuli na ufunguo wake. Ufunguo ulikuwa mmoja tu. Wa pili ulipotea zamani.

Nimesikia makufuli mengi yakifungwa maishani, lakini lile lilipolia upande wa pili wa mlango, nilirudi nyuma mpaka nikagonga meza ya pasi. Ndani kulikuwa na giza la kijivu. Mwanga uliingia chooni, na mwingine chini ya mlango, kwenye mwanya wa kama vidole vinne. Kwenye mwanya huo tuliona kreti, na visigino vya Mama wa Magwinya ndani ya ndala za buluu. Hivyo visigino ndivyo vilivyokuwa uhai wetu siku ile. Kila mara mmoja wetu alitazama kama vipo.

Cherehani hatukuthubutu kuzigusa, kelele ingetutoa. Tukashika sindano. Kimya kilikuwa kizito mpaka nikasikia dada wa Bujumbura anavyomeza mate. Mama Patron akaninong'oneza, "Mwalimu, toa kitabu. Nikikaa hivi nitapiga kelele."

Nikasoma kwa kunong'ona, mgongo nimeuegemeza kwenye chuma cha mlango kwa ajili ya mwanga. Sijui kama kulikuwa na kitabu kibaya zaidi kwa saa ile. Kisiwani walikuwa wamebaki wanne: Mjomba, Shangazi, Wifi na Mpishi. Upepo unagonga madirisha. Kila mmoja anamtazama mwenzake mikono. Nilisoma, na bila kutaka nikawa nageuka kila ukurasa kutazama zile ndala. Nilijua wenzangu nao wanageuka. Tulikuwa tumefungiwa na mtu mmoja, na mtu huyo si wa kwetu.

Yapata saa saba na nusu tulifika jikoni. Wote wanne wamekusanyika, taa mezani. Mjomba anasimama, anasema sasa anamjua muuaji, anainua mkono kumwonyesha kidole. Nikageuza ukurasa. Hakukuwa na ukurasa. Kulikuwa na gamba la kitabu, na nyuzi za gundi pale ambapo karatasi zilichanwa.

"Endelea," Mama Patron akanong'ona.

Ningesema kweli: kurasa zimechanwa, hatutajua kamwe. Lakini fikiria wanawake watatu gizani, roho mkononi, wamengoja miezi mingi, na nje mitaa inawaka. Niliona kwamba nikiwanyima mwisho watapasuka. Na mimi mwenyewe nilitaka mtu wa kumwogopa aliye na sura. Nikafumba na kufumbua macho juu ya karatasi tupu, nikaanza kutunga.

Hatia nilimpa Mpishi.

Nilisema Mjomba alimwonyesha yeye kidole. Nilisema alitia sumu kwenye kikombe, maana vikombe vyote vilipita mikononi mwake. Nilisema ndiyo maana hakulia. Na ili mambo yakamilike nikasema kwamba muda wote ule, wenzake wakisubiri boti, yeye alikuwa na boti yake ndogo aliyoificha mapangoni, anaweza kwenda na kurudi atakavyo, naye akawaacha waamini kwamba wote wamenasa pamoja. Maneno yalinitoka mbio, kama yalikuwa yamejipanga siku nyingi.

Nilifunga kitabu. Kisha Mama Patron akasema, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Ni sawa na ile mama ya ufunguo."

"Kikulacho ki nguoni mwako," nikajibu. Naomba Mungu anisamehe. Nilijibu kwa methali, kama vile nipo barazani.

Saa nane ikafika. Mlango haukufunguliwa. Ikapita dakika kumi, ikapita robo. Hakukuwa na teksi. Ndala za buluu zilikuwepo, hazisogei. Mama Patron akagonga chuma kwa ukucha, mara mbili, polepole. Kisigino kimoja kikapiga chini mara moja, kwa nguvu, mithili ya mtu anayemfukuza paka. Hatukujua maana yake ni nini.

Kisha vikaja viatu. Raba, buti, miguu mitupu ya kijana au wawili, vikasimama mbele ya kreti, vingi, vikaziba mwanga. Nilijibana kinywa kwa gauni la kwaya. Sauti za wanaume zilikuwa nzito na zinagongana, lori lilikuwa likinguruma barabarani, sikushika neno hata moja. Kitu kimoja tu tulikisikia vizuri. Tulimsikia Mama wa Magwinya akicheka. Alicheka nao, kicheko kirefu cha mtu aliyekutana na ndugu zake.

Halafu viatu vikaondoka, na ndala za buluu zikaondoka pamoja navyo. Tukabaki tunatazama kreti tupu.

Hapo ndipo dada wa Bujumbura aliposema. Alikuwa amekaa chini kati ya vitambaa, mikono juu ya magoti. "Nilipokuwa mdogo," alisema, "aliyetufungia mlango ili tupone, ndiye aliyerudi na wauaji. Mama yangu alimwamini. Alikuwa anatuletea maziwa."

Nimeshalipima jambo hili usiku na mchana, na siwezi kumlaumu dada yule, wala Mama Patron. Wao walikuwa na hofu tu. Mimi nilikuwa nimewapa na hadithi ya kuitia. Na wa kwanza kunyanyuka nilikuwa mimi. Nilichukua pasi kubwa ya chuma, nikaingia chooni, nikapanda juu ya bakuli la choo, nikapiga kioo. Kililia kama sahani mia zinazoanguka. Nikapiga nondo, zilikuwa zimeliwa na kutu, nikapiga tena, na tena. Kila pigo nilijua linasikika barabara nzima, na sikuweza kuacha. Mwoga akishaanza kukimbia hakuna wa kumzuia.

Tulimtoa Mama Patron kwa kumsukuma, akachanika paja. Dada akafuata. Mimi nilikuwa wa mwisho, nusu ndani nusu nje, niliposikia miguu inarudi mbio upande wa mbele, na makelele. Katikati ya makelele nikasikia sauti ya Mama wa Magwinya, kubwa, imepasuka. Hakuita kwa Kizulu.

"Kimbieni!" aliita. "Dada zangu, kimbieni!"

Kwa Kiswahili. Kisha sauti ikakatwa katikati, nikasikia beseni la bati likibingirika barabarani.

Nilikimbia. Ningependa kuandika kwamba nilisimama hata mara moja. Nilikimbia kichochoroni, nikavuka uwanja wa watu, nikawapita wenzangu, mpaka kanisani kwa Mama Patron, na hapo nikatapika. Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio: nimeijua methali hiyo tangu shule, na nilidhani inatusifu sisi waoga.

Cherehani zilichukuliwa zote. Mama Patron alihamia kwa shemeji yake, Midrand, hatukuzungumza tena juu ya siku ile. Dada wa Bujumbura aliondoka bila kuaga, na sikushangaa. Mimi nilikaa wiki tatu nikiogopa kitu kipya: kumtafuta. Niliogopa nitaambiwa amekufa, na niliogopa zaidi nitamkuta hai.

Nilimkuta hai, Bertrams, chumba kile kile cha uani, ingawa mwenye nyumba alikuwa ameshamwambia atafute pengine, kwa sababu amewaficha wageni. Mkono wa kulia ulikuwa kwenye plasta mpaka begani. Jino la mbele halikuwepo. Alinitazama mlangoni, akasogeza kiti kwa mguu. Nilikuwa nimejipanga kwa Kizulu cha kuombea radhi, nikiwa nimekirudia njia nzima. Akanikatiza.

"Ikala, Mwalimu," alisema. Kiswahili chake kilikuwa cha Bukavu kabisa, cha Mama Patron mtupu.

"Tangu lini unajua Kiswahili?"

"Miaka tano niko naikala ku mulango yenu. Mulifikiri hii masikio ni ya mapambo?"

Akaniambia ilivyokuwa. Mpwa wake alizuiwa njiani. Wale wanaume walikuwa wakinusa kila mlango, asingeweza kufungua mbele ya macho yao. Alipopiga chini kisigino alikuwa anatunyamazisha. Aliwachekea, akawaambia wageni waliondoka jana wote na hawatarudi, akawavuta mpaka kwenye kona kwa kuwagawia magwinya yote ya beseni. Walikuwa wanakula. Walikuwa wameshaanza kuzungumza kwenda mtaa mwingine. Ndipo kioo kikavunjika.

Hakusema kwa hasira. Nilitamani angesema kwa hasira. Aliingiza mkono wa kushoto kifuani akatoa ufunguo wa kufuli letu, akauweka mezani. "Sikupatia mutu," alisema.

Nikaanza kusema samahani, kwa lugha zote, zikagongana. Alinisubiri nimalize, kama unavyomsubiri mtoto anayekohoa.

"Ile kitabu," akasema. "Ulisema ni mupishi aliua bale batu. Nilisikia."

"Kurasa hazikuwepo, mama. Zilichanwa. Nilitunga."

"Najua. Ukitunga, sauti yako inakimbia." Akafikiri kidogo, akitazama plasta. "Niulize kitu moja tu. Ulisema mupishi alikuwa na boti yake."

"Nilisema."

"Anaweza kwenda, saa yoyote."

"Ndiyo."

"Sasa kama boti iko," akaniuliza, na aliuliza kweli, kama mtu anayetaka kujua, "sababu gani alibakia kule na bale batu?"

Nililia mbele yake kwa sauti, kamasi na machozi, nimeshika ule ufunguo. Yeye hakulia. Alikuwa amenyanyuka kunichemshia chai, kwa mkono wa kushoto.